Betri ya Pili

Morogoro, jioni ya kuamkia safari yako.

Mwanangu Shabani,

Salamu tumepeana leo mara nyingi kuliko kawaida ya nyumba hii, kwa hiyo sizirudii. Barua hii nitaiweka sandukuni mwako chini ya kanzu, uikute treni ikiwa imekwisha kupita Kimamba. Ukiisoma hapa nyumbani utabaki, na mama yako hataki ubaki.

Naanza na lililo zito, maana sikufundishwa kulizunguka neno. Mama yako hatapona. Daktari wa boma alimsikiliza kifua, akakunja mpira wake wa kusikilizia, akaniuliza habari za mvua. Mganga wa kwao Kinole alimtazama macho, akaomba maji ya kunawa, akaondoka bila kutaja dawa. Watu wawili ambao hawangekubaliana juu ya jambo lolote lingine walikubaliana juu ya hilo. Yeye anajua. Mimi najua. Nawe nadhani unajua, kwa sababu juzi ulipompelekea uji ulisimama mlangoni na bakuli mpaka uji ukapoa. Tangu masika sisi watatu tumekuwa tukisema "kikohozi," na neno hilo dogo limebeba nyumba nzima.

Ilipokuja amri kwamba unakwenda Gulwe kutunza betri ya simu ya kugonga ya stesheni, mahali pa yule aliyerudishwa kwao kwa ugonjwa wa macho, niliingia chumbani nikamwambia mama yako kwamba nitamwomba bwana mkubwa wa reli akuache kidogo.

"Asubiri nini?" akaniuliza.

"Upate nafuu."

"Baba Shabani, wewe hukujua kusema uongo ujanani. Usianze leo."

"Basi abaki tu."

"Abaki anitazame? Nikitazamwa silali. Aende. Akibaki, kazi atapewa mtu mwingine, na mimi nitakufa vilevile, tena nikimwona amekaa uani bila kazi. Mwache aende."

Wewe ulikuwa nje unafunga sanduku kwa kamba. Sijui kama ulisikia. Nikatoka chumbani, maana katika miaka yote ya ndoa yetu sijapata kumshinda akiwa amelala, seuze akiwa amekaa.

Kwa hiyo unakwenda, na mimi nimebaki na jambo moja tu ninalolitaka kwako: siku ya kumzika uwepo. Hayo mengine ya nani atakupikia, na ulale wapi, na uwaamkie vipi wazee wa Kigogo, siyaandiki. Umelelewa. Nitaandika habari za betri, nawe usione ajabu, kwa sababu kati yako na kaburi la mama yako kitu kitakachosimama ni betri.

Mama yako atazikwa kwao Kinole, juu kwenye milima ya Uluguru, pamoja na mama zake. Amekwisha kusema hivyo mbele ya mjomba wako, na mjomba wako amekubali. Wewe ni wa ukoo wake, maana kwao mtoto hufuata mama. Mimi ni mume tu, mtu wa Pwani aliyekuja na reli. Pale kaburini kuna nafasi ambayo ni yako, na mimi siwezi kuisimamia hata nikitaka. Kumtia mama udongo, kumjibu mtani akikutania, kukaa mbele na wajomba: hayo ni ya mtoto wa ukoo. Wewe ndiye mtoto pekee aliyebaki. Nimemwuliza mwalimu wa msikiti kuhusu kumngoja mtoto aliye mbali, kwa sababu najua sheria yetu ya kuharakisha maiti. Amesema watangoja treni moja. Moja tu. Ukiikosa hiyo, utakuta udongo umekwisha kukauka.

Na stesheni haiachwi bila simu, maana treni haitoki stesheni moja mpaka ya mbele ijibu kwamba njia ni wazi. Hilo unalijua tangu ukiwa mdogo, lakini nadhani unalijua vibaya, kwa sababu siku ya msiba wa dada yako Hadija ulikuwa na umri wa kushika kanzu yangu na kuuliza maswali, na majibu uliyapata kwa watu wengine.

Nitarudi nyuma kidogo.

Nilipoletwa hapa kutoka Bagamoyo, nilikuwa nimesoma shule ya serikali, najua kuandika bila kukosea na kusoma namba za Kizungu, na nilidhani hayo yanatosha kutunza chupa za maji. Mzungu aliyenifundisha alinionyesha mara moja tu. Chupa pana ya kioo. Chini kabisa bamba la madini ya risasi, lenye waya uliovikwa mpira unaopanda juu. Juu ya bamba, mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wazee huyasaga kwa vidonda. Kisha maji mpaka karibu na mdomo. Kisha pete nzito ya zinki, ikining'inia juu bila kugusa chini. Mrututu unayeyuka na kubaki chini, maji meupe yanakaa juu, na katikati yake unaona mstari, kama mtu aliyetandika kitambaa cha buluu ndani ya chupa. Mstari huo ukitulia, betri ni nzima. Ukipanda mpaka kwenye zinki, zinki inakuwa nyeusi, na chupa hiyo imekwisha. Chupa zinapangwa rafuni safu moja, zinki ya hii inafungwa kwa waya wa ile, na simu inazungumza kwa nguvu ya safu nzima. Ukiondoa moja, zote zimenyamaza.

Hayo nilionyeshwa. Sikuonyeshwa namna ya kukosea, hiyo nilijifunza mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza zinki zililika, na sanduku kutoka Dar es Salaam lilikuwa halijafika. Nikatazama paa la ghala. Watu wote hapa huliita bati lile zinki, nami nikaamini kile watu wanachosema. Nilikata kipande nikakipinda kuwa pete, nikakitundika. Asubuhi nikakuta kipande kile kimevaa kutu na maji yamekuwa kama ya kuoshea jembe. Bati ni chuma kilichopakwa zinki kidogo usoni. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile, na sikukwaruza kwa kisu kutazama ndani.

Mara nyingine ilikuwa mrututu. Nilikwenda dukani kwa Mhindi pale karibu na soko, akanitolea gunia.

"Huu ni kijani," nikamwambia.

"Bwana Betri, buluu ni buluu."

"Kijani si buluu."

"Kijani ni buluu iliyosafiri. Imetoka mbali, imechoka. Ukiipumzisha itarudi."

Watu dukani wakacheka, na mimi nikanunua, kwa sababu mtu akichekwa hupenda kumaliza upesi. Ulikuwa na chuma ndani yake, na ukaniharibia nusu ya safu. Mhindi yule na mimi tumekuwa marafiki tangu siku ile, na mpaka leo nikipita ananiuliza kama buluu yangu imekwisha kupumzika. Nakueleza hili ili ujue kwamba mimi, ambaye umenijua kama mtu asiyekosea, nimekosea sana kabla hujazaliwa, na mara nyingi kwa sababu ya kuona haya.

Baada ya hapo nikawa hodari. Nasema hivyo bila majivuno, maana uhodari ndio ulioniumiza. Safu yangu haikufa. Stesheni nyingine ziliomba msaada, yangu haikuomba. Nilikuwa nimepewa chupa za akiba, tupu, za kuwa tayari endapo moja itapasuka au itachafuka. Zilikaa kabatini zikivuta vumbi. Mama yako alizipenda kwa sababu zina mdomo mpana na unaona kilichomo, na ndugu zake walipoteremka na asali kutoka Kinole akaniuliza kama anaweza kuzitumia. Nikamwambia tia. Betri yangu haijapata kufa, nikasema, tena nilisema mbele ya wageni.

Ndipo Hadija akapata homa. Unakumbuka kwamba tulikaa katika nyumba ile ya nyuma ya stesheni, ambako kabati la betri lilikuwa ukutani mwa chumba chetu. Alifariki alfajiri. Ndugu wa mama yako walikuwa wamekuja tangu jana yake, na watani wa ukoo wakafika kabla jua halijawa kali, na mbele yao Bi Mazoya.

Desturi unaijua, lakini nitaiandika, kwa sababu unakwenda kwa watu wasioijua na huenda ukaisahau. Mtani anachimba kaburi, mtani anamcheka mfiwa, na mtani anaweza kukamata kitu chochote cha nyumba ya msiba akakizuia mpaka apewe fidia, kuku au kitu kingine kidogo. Hakuna anayekasirika. Mimi mtu wa Pwani nilipoiona mara ya kwanza niliona ni utovu wa adabu. Baadaye nikaelewa kwamba ni namna ya kumshika mtu asizame.

Bi Mazoya alinikuta barazani.

"Shemeji wa Pwani," akasema, "mbona umevaa uso wa akida anayedai kodi? Mtoto ni wetu, wewe unalia nini? Ulichangia mchuzi tu."

Nikamjibu kama ipasavyo, kwamba mchuzi ndio uliompa sura nzuri. Wanaume wakacheka kidogo. Akaingia ndani. Nikamsikia akisema, "Tazameni nyumba ya Mzungu mweusi, hata maji anayafungia kabatini." Kisha vicheko vya wanawake, na katikati yake kicheko cha mama yako, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa sauti. Nilifurahi kukisikia. Hilo nalikumbuka kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Bi Mazoya alikuwa amefungua nyaya, ametoa chupa moja katikati ya safu, ameiweka kichwani juu ya kata ya nguo kama mtungi wa kisimani, na anacheza nayo chumbani. "Nimepata maji yangu ya buluu," anaimba. "Anayeyataka alete jogoo." Wanawake wa milimani huchukua maji kichwani tangu utotoni, wala hakumwaga hata tone. Lakini ile buluu ilipanda yote.

Mara karani wa simu akatoka mbio ofisini. "Bwana Betri, waya umekufa."

Sasa nataka nimwandike yule Mzungu aliyekuwa mkuu wa stesheni kama alivyokuwa. Watu walikuambia kwamba alikuwa katili, nami sikukusahihisha. Alikuja, akavua kofia mbele ya chumba alimolala Hadija, akasimama. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake, polepole: "Treni iko Ngerengere. Haiwezi kutoka mpaka simu ijibu. Kuna watu ndani, kuna jua. Kwanza betri, halafu kaburi."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa rahisi kwangu. Na alisema kweli: watu walikuwa ndani ya mabehewa kwenye jua, na wengine wana watoto wao wazima mapajani.

Niliirudisha chupa ile rafuni, lakini zinki ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi kama sufuria. Nikaenda kwenye chupa za akiba. Zilikuwa na asali mpaka shingoni.

Sikuwa na la kufanya ila kuimimina. Asali haitoki kwa maji baridi. Nikauliza kama kuna maji ya moto, na dada wa mama yako akanionyesha sufuria. Yalikuwa maji yaliyobaki ya kumwoshea Hadija. Ndiyo niliyooshea chupa.

Nilipokuwa nikikwaruza zinki, jeneza likatoka. Lilikuwa jepesi, wanaume walilibeba kama watu wanaobeba mlango. Nikainuka. Mjomba wako akanitazama kupitia dirishani, akaniambia kwa upole, na upole huo bado nausikia: "Endelea, shemeji. Mtoto ni wa ukoo, tutamzika sisi. Wewe endelea na kazi yako." Hakunikejeli. Kwa desturi yao alikuwa ananipunguzia mzigo. Hakujua kwamba ananipunguzia kitu ambacho nisingekipata tena.

Chupa mpya ya namna hii haianzi kazi mara moja. Maji yake ni meupe mno, hayana nguvu. Nilijua dawa yake, nikachota maji ya juu katika chupa nzima za jirani, kidogo kidogo, nikamimina katika ile mpya ili izaliwe ikiwa na umri. Hata hivyo ilisitasita. Sindano ya simu ilipoinuka na Ngerengere kujibu, watu walikuwa wamerudi na wananawa miguu uani. Wewe ulikuja ukasimama mlangoni, udongo magotini. Ukaniuliza kwa nini sikuja. Nikakuambia usiguse meza.

Bi Mazoya aliingia nyuma yako. Akakaa sakafuni, jambo asilopata kulifanya mbele yangu.

"Shemeji, mimi nilidhani ni maji," akasema.

"Ni maji."

"Sikujua kama yana mpangilio."

"Hukufundishwa. Nawe ulikuwa na haki yako."

Nikamtolea jogoo wake jioni ileile. Hakutaka kumchukua, nikamlazimisha, kwa sababu angeondoka bila jogoo ingekuwa kwamba tumegombana. Mama yako siku ya arobaini aliihamishia katika kibuyu asali ya chupa ya pili ya akiba, akaiosha chupa, akaiweka kabatini mbele yangu. Hajazigusa tena chupa zangu mpaka leo. Mimi nilikuwa nimekwisha kumruhusu, Shabani. Ningependa umpelekee neno kutoka Gulwe kwamba hana kosa lolote, maana mimi nikimwambia ananiambia ninywe chai.

Sasa nisikilize kuhusu Gulwe.

Usianze kwa kusafisha betri utakayoikuta. Kila mgeni huanza hivyo ili aonekane amefika. Iache ifanye kazi. Kwanza jenga ya pili, nzima, safu kamili, kando yake. Sanduku la chupa, zinki na mrututu nimekupakilia kwa ruhusa, limo katika behewa la mizigo kwa jina lako. Hata hivyo zikague kama vile zimetoka kwa mtu usiyemwamini. Shika kila chupa uitazame kwenye mwanga, na uigonge kwa ukucha. Yenye ufa hulia mara moja kama chungu, nzima mlio wake huendelea mpaka uishe wenyewe. Kwaruza kila zinki kwa kisu mpaka ndani. Mrututu uwe buluu iliyokoza, mgumu. Ukiwa na unga mweupe juu, ufute. Ukiwa wa kijani, hata ukiambiwa umesafiri, usiutumie.

Maji ya Gulwe ni ya chumvi. Watu wa huko wameyazoea, chupa hazitayazoea. Kinga mvua, na kama mvua hakuna, mwambie dereva wa treni akuletee debe la maji ya hapa, ya mto unaoteremka Uluguru. Nimezungumza naye, ni mtu mwelewa ingawa anavuta tumbaku mbaya. Ukiisha kujaza, paka mdomo wa chupa nta, kwa sababu ile chumvi nyeupe ya ndani hupenda kupanda ukingoni na kushuka upande wa nje, na ikishuka inapitisha nguvu ardhini. Nta nimekutilia. Imetoka Kinole.

Ukiunganisha safu ya pili, usichanganye chupa mpya na kuukuu katika safu moja kwa kutaka kubana matumizi. Mimi nilichanganya siku ile kwa dharura, na wiki nzima nilikuwa nikihangaika na safu isiyojua nguvu zake. Mpya zikae pamoja. Maji tu ndiyo uazime, kikombe kimoja kutoka kwa zilizokomaa, zianze vizuri.

Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: betri ya namna hii haihifadhiwi kwa kuilaza. Ukiiacha bila kazi, ile buluu hupanda yenyewe polepole mpaka juu, hata kama hakuna aliyeigusa. Kazi ndiyo inayoushikilia mstari pale katikati. Basi zibadilishe zamu, safu hii leo, ile kesho, usiache moja ikae muda mrefu bila kuzungumza. Mstari ukishuka mno, ongeza mawe machache, uyateremshe taratibu kando ya kioo. Maji ya juu yakiwa mazito, yanyonye kidogo kwa mpira, uongeze ya mvua. Hayo yote yanahitaji mkono uliotulia, na mkono wako umetulia kuliko wangu. Nimekuwa nikiliona hilo muda mrefu, sijalisema.

Safu ya pili ikisimama, kazi imefika nusu. Tafuta mtu. Betri ya pili bila mtu wa pili ni mapambo. Usimtafute mwepesi wa kuelewa, huyo atakuambia ameelewa kabla hujamaliza. Tafuta mtu mzima aliyetulia, asiyeona haya kuuliza jambo lilelile mara ya pili. Huenda ni mlinzi wa stesheni, huenda ni mkewe, mimi sijali. Umfundishe mpaka aweze kutoa chupa mbovu na kuweka nzima wewe ukiwa umekaa nje, na usiingie ndani kumsaidia. Kukaa nje ndiko kutakakokushinda. Mimi kulinishinda miaka yote. Karani wetu aliniomba mara nyingi nimfundishe, nikamwambia asubiri, nikidhani kazi ikijulikana na wawili itakuwa imenipungua. Siku ya Hadija alisimama nyuma yangu, mikono mitupu, akilia, wala hakujua waya upi unaanza.

Mama yako atakapofariki, nitampa karani habari aigonge mpaka Gulwe. Haitakuwa na maneno mengi. Utakapoipokea usijibu, usiulize saa wala namna. Mkabidhi mtu wako betri, panda treni, uje.

Yangu mimi ya pili iko tayari. Niliijenga wiki ile daktari aliponiuliza habari za mvua. Karani nimemfundisha. Jana nilikaa nje barazani wakati akibadilisha safu, na nilipomaliza kukunja mikono yangu na kuikunjua, simu ilikuwa inazungumza. Safari hii nitapanda mlima nyuma ya jeneza, mpaka mwisho.

Nilikuwa nimefika hapa mama yako akaniita. Alitaka nimgeuzie mto. Akaniuliza naandika nini muda wote huu.

"Namwandikia Shabani habari za betri."

"Betri tu?"

"Betri tu."

"Maskini mtoto," akasema, akacheka mpaka pumzi ikamkatika, nikamshika mabega. Alipotulia akaniambia nikuandikie ufunge shingo asubuhi, upepo wa Ugogo ni mbaya. Nimekuandikia.

Kisha akaniuliza, "Ataweza kuja?"

Jambo hilo la wewe kuja kumzika hatujapata kulitaja kwa sauti, mimi na yeye. Nikamwambia ndiyo, ataweza.

Kwa hiyo nimekwisha kutoa ahadi ambayo si yangu, na nataka ujue nimeitoa. Huenda habari ikakukuta mapema, kabla ya safu ya pili kusimama, kabla mtu wako hajaelewa waya upi ni upi. Huenda bwana wa stesheni akavua kofia, akakuambia kwanza betri, na huenda akawa anasema kweli, na treni nyingine iko mahali fulani juani. Maisha yangu yote nimekufundisha kwamba kazi haiachwi, na sikukosea kukufundisha hivyo. Lakini siku hiyo, kama ya pili haipo, acha waya ufe. Watakufukuza kazi. Rudi nyumbani, nitakupokea, wala sitauliza habari za stesheni. Mama yako hatatengenezwa tena na fundi yeyote, na nafasi yako pale kichwani pake nitaiacha wazi mpaka nione moshi wa treni.

Mimi babako,
ambaye leo mchana amekutukana kwa sababu ya kamba ya sanduku, na kamba haikuwa na kosa.